Shahidi wa Usingizi

Mnyarwanda akikutana na mwenzake asubuhi humwambia, "Mwaramutse." Wengi wetu tumezoea kuifasiri salamu hiyo kwa maneno ya "habari za asubuhi," na tafsiri hiyo yatosha darasani. Lakini aliye na sikio la lugha atatambua kuwa ndani yake mna kitenzi kuramuka, yaani kuuvuka usiku na kufika asubuhi. Salamu ni ulizo: je, mmevuka? Ndiyo maana jioni watu huagana kwa kuambiana "Muramuke," wakiombeana kivuko hicho hicho. Kiswahili nacho kina "Umeamkaje?" na "Wameamkaje nyumbani?" Katika lugha zote mbili anayeulizwa ni yule aliyelala, na jambo hili ni la kustaajabisha kidogo, kwa kuwa katika nyumba nzima hakuna mtu ajuaye habari za usiku kwa uchache kuliko yeye. Aliyekesha na mgonjwa anajua. Mlinzi anajua. Aliyelala hakuwapo. Hata hivyo ushahidi wake ndio tuliouomba na kuupokea vizazi kwa vizazi, na akisema "nimeamka salama" hatumwiti mtu mwingine kuja kumsadikisha.

Siku hizi ameitwa shahidi wa pili. Yeye ni saa ivaliwayo mkononi, ambayo licha ya kuonyesha wakati huhesabu mapigo ya moyo wa mvaaji usiku kucha, na kulipopambazuka humpa taarifa: moyo ulishuka hadi mapigo kadhaa kwa dakika, ulipanda saa fulani, na usingizi wote umestahili alama hizi kwa mia.

Huku kwetu Busasamana, katika wilaya ya Rubavu, ambako watu hulima viazi katikati ya mawe meusi ya volkeno na baridi ya usiku haina mzaha, saa hizi bado si nyingi. Mwalimu mwenzetu mmoja aliletewa ya kwake na ndugu yake akaaye Ulaya. Tangu hapo salamu katika chumba cha walimu imebadilika. Mtu humwuliza, "Mwalimu, umeamkaje?" naye hajibu mpaka ageuze kifundo cha mkono na kutazama. Asubuhi moja alijibu kwamba hakulala vizuri. Aliulizwa, "Unaumwa?" Akasema, "Hapana. Mimi nilijiona nimelala vizuri kabisa, lakini hii inasema moyo haukupumzika." Na siku ile nzima, twaweza kushuhudia, alitembea kama mtu aliyekesha.

Tulicheka, maana walimu hawakosi la kumcheka mwenzao. Lakini kicheko kilipokwisha lilibaki swali ambalo twaona lafaa kuletwa katika kurasa hizi: mtu asemapo "nimelala vizuri," na chombo kikasema "hukulala vizuri," ni yupi kati yao aaminiwe kuhusu usiku wa mtu huyo? Tena, je, tuna wajibu wa kujua yale mwili wetu uyatendayo tukiwa hatupo?

Kwanza yafaa kukijua chombo chenyewe, kwa sababu wengi hukiogopa au kukiabudu bila kukijua. Chini ya saa mna vitaa vidogo vitoavyo mwanga, aghalabu wa kijani. Damu hufyonza mwanga huo. Kila moyo upigapo, damu huongezeka kidogo katika vishipa vya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Baina ya pigo na pigo hurudi kwa wingi zaidi. Chombo huhesabu kupungua na kuongezeka huko. Basi hakiusikilizi moyo wenyewe. Kinatazama kivuli cha moyo kipitacho katika ngozi ya mkono. Mkanda ukilegea, kivuli huyumba. Mkono ukipoa sana, damu hukimbia ngozi, na sisi wa nyanda za juu twajua mikono yetu ilivyo alfajiri. Kuhesabu mapigo ya mtu aliyetulia ndiko kazi chombo hiki kiifanyayo vizuri. Ama kuhusu kupima kina cha usingizi, kujua saa ngapi mtu aliota na saa ngapi hakuota, hapo chombo kinakisia tu kutokana na mapigo na mijongeo ya mkono. Hospitalini, watakapo kuujua usingizi kwa hakika, huweka vinasio kichwani ili wapate habari za ubongo.

Moyo wa mtu mzima mwenye afya, akiwa amepumzika, hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha waliozoea mbio ndefu hukaribia 40. Usingizini mapigo hupungua, kisha wakati wa ndoto huanza kupanda na kushuka bila utaratibu. Homa huyapandisha, pombe ya jioni huyapandisha, hofu kadhalika. Mtu alalaye saa 7 kwa mapigo 60 kwa dakika amepigiwa mapigo 25,200 bila kuombwa ruhusa. Hesabu hiyo twaipenda kuwapa wanafunzi, nao hukaa kimya wakiisha kuifanya.

Kuuhesabu moyo si jambo la jana. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki 1037, aliandika juu ya mshipa wa mkono kwa urefu, akatofautisha pigo kubwa na dogo, lenye nguvu na dhaifu, la haraka na la polepole. Daktari wa zama zile alikuwa msikilizaji kuliko mhesabuji. Na humo humo Ibn Sina aeleza namna ya kumtibu mtu aliyekonda kwa mapenzi asiyotaka kuyataja: mshike mshipa, kisha taja majina ya watu, na mitaa, na kazi, mahali pigo litakaposhtuka, hapo ndipo penye ugonjwa. Tazameni hila hiyo ilivyo. Vidole vya tabibu vilikuwa kwenye mshipa wa damu, lakini alichokuwa akikitafuta kilikuwa siri ya moyo ule mwingine, na njia yake ya kuifikia ilikuwa kuzungumza. Asingezungumza, mshipa usingemwambia kitu.

Baadaye hesabu ilishika nafasi. Santorio wa Padua alitengeneza kamba yenye uzito uningʼiniao ili alinganishe mbembeo wake na pigo la mshipa, na kwa muda wa miaka 30 hivi alikuwa akijipima uzito juu ya kiti cha mizani, akila na kupumzika humo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1614. Huyo twaweza kumwita babu wa mwenzetu mwenye saa. Mwaka 1707 tabibu Mwingereza John Floyer alitoa kitabu chake juu ya saa iliyoundwa kwenda dakika moja kamili kwa ajili ya kuhesabia mshipa. Na katikati ya karne ya 20, Norman Holter wa Montana, Marekani, alimvika mtu mashine ya kunasa umeme wa moyo akiwa anatembea. Mashine ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi na ilibebwa mgongoni kama gunia la viazi. Leo mzigo huo umekuwa mwepesi kuliko bangili. Uzito umeondoka mgongoni. Kama umeondoka pia katika fikira za mchukuzi, hilo ndilo tunalolichunguza.

Hapa lugha zetu zina la kusema, na ndiyo kazi yetu walimu kuzisikiliza. Katika Kiswahili moyo hupiga, hudunda, hwenda mbio. Na papo hapo mtu hufa moyo akingali hai, hutiwa moyo na rafiki, huvunjika moyo pasipo mfupa uliovunjika, na akikabiliwa na zito hupiga moyo konde. Katika Kinyarwanda umutima nao ni nyama ya kifuani na ni utu wa ndani. Kiswahili kilipotaka neno la kile kinachomhukumu mtu ndani yake kiliazima kwa Waarabu, tukapata dhamiri. Kinyarwanda kilijitengenezea chenyewe: umutimanama, moyo na shauri, moyo utoao ushauri. Tena wahenga wa huku husema, "Umutima muhanano ntiwuzura igituza": moyo wa kupewa na watu haujazi kifua. Mithali hiyo kwa kawaida huambiwa mtu asiyesikia maonyo, kwamba busara ya kumiminiwa na wengine haitamtosha asipokuwa na ya kwake. Lakini tukimtazama mwenzetu akisubiri kuambiwa na saa kama amelala, twaona mithali imepata kazi mpya. Alikuwa na habari yake mwenyewe ya usiku, hafifu kama zilivyo habari zote za usingizi, akaiweka chini akachukua ya kupewa. Nayo haikujaa kifuani. Ilimchosha.

Msomaji asidhani tunakikebehi chombo. Katika mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu wapatao 419,000 waliokuwa wakivaa saa ya Apple. Watu 2,161 kati yao, yaani nusu ya mmoja katika kila mia, walipewa taarifa kwamba mapigo yao hayakuwa na mpango. Moyo uendao ovyo hivyo waweza kuleta kiharusi kwa mtu asiyehisi lolote. Kwa mtu wa namna hiyo shahidi wa usiku ni mwokozi, na mwenye kumwambia "sikiliza mwili wako tu, achana na mashine" atakuwa amemdhulumu, kwa maana mwili wake haukumwambia. Kuna mambo ambayo aliyelala hakika hayajui, na kiburi cha kujijua si fadhila.

Hata hivyo mwaka 2017 waganga wa usingizi wa Chicago waliandika habari za wagonjwa watatu waliowajia wakiwa na shida ngeni. Walikuwa wakikazana kupata alama nzuri za usingizi, na kukazana huko kuliwanyima usingizi. Tena mmoja wao, alipopimwa kwa vyombo vya hospitali na kuambiwa kuwa amelala vema, aliendelea kusadiki ya mkononi. Waganga wakaiita hali hiyo othosomnia. Na hapa ndipo tunapoona tofauti ya kusaidiwa na kutawaliwa. Yule wa mapigo yasiyo na mpango aliletewa habari asiyokuwa nayo, akaenda kwa daktari. Hawa watatu waliletewa hukumu juu ya jambo ambalo nusu yake ni lao wenyewe, kwani kupumzika si idadi tu ya mapigo bali pia ni kujiona umepumzika. Mtu akiambiwa ana homa hali anajiona mzima, huenda kweli anayo. Lakini mtu akiambiwa hana furaha hali anajiona ana furaha, tutamwuliza msemaji ameipima kwa pishi gani. Usingizi umesimama katikati ya mambo hayo mawili, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, na ndiyo sababu watu hubishana juu yake bila kukatana.

Sisi wa Rubavu tuna mfano wa karibu wa mambo haya, nao umesimama mbele yetu anga ikiwa safi. Mlima Nyiragongo, upande wa pili wa mpaka, una wapimaji wake. Katika mji wa Goma kipo kituo kinachosikiliza mitetemeko yake, tuseme mapigo yake, kwa vyombo vilivyopandwa mlimani. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka, lava ikaingia mjini, na watu wakavuka kwa maelfu kuja Gisenyi. Ulipasuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Miezi iliyotangulia kituo kile kilikuwa kimepungukiwa fedha, na kwa muda hakikuwa na intaneti ya kupokelea habari za vyombo vyake; kwa hiyo wengi tulisema kwamba laiti vyombo vingekuwa vizima tungeonywa. Kisha katika mwaka 2022 wanasayansi waliochunguza tukio lile waliandika kwamba ishara za wazi zilianza dakika 40 hivi tu kabla ya mpasuko. Magma ilikuwa imekwisha kukaa karibu na uso wa dunia, na hata mpimaji mwenye kila kitu asingepata zaidi ya hapo. Hatulitaji hili ili mtu aseme kupima hakufai kitu. Dakika 40 ni uhai wa watu wengi, na kituo chastahili kila senti. Twalitaja kwa sababu linaonyesha kiasi cha ahadi ambayo kipimo chaweza kutoa. Mtu aliyelala chini ya mlima kwa amani kwa sababu sindano haijatikisika, na mtu aliyekosa usingizi kwa sababu imetikisika kidogo, wote wawili wameitaka sindano iwape jambo isilo nalo.

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo huku hatuwezi kulipita. Tarehe 7 Aprili kila mwaka Rwanda huanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika siku hizo wapo watu wanaoshikwa na kile Kinyarwanda kinachokiita ihahamuka: hofu ya zamani inarudi, pumzi inakata, moyo unakwenda mbio kana kwamba yaliyopita yapo mlangoni. Neno lenyewe limejengwa juu ya mapafu, kama kwamba mapafu yametoka nje ya kifua. Tuseme mtu wa namna hiyo amevaa saa usiku wa Aprili. Asubuhi itampa idadi, na idadi itakuwa sahihi. Itamwambia kwamba hakupumzika, na huenda ikamshauri apunguze kahawa na alale mapema. Hakuna uwongo hapo hata kidogo, lakini hakuna pia ukweli unaomhusu. Jirani asiyejua kuhesabu, akija kuketi naye na kumwuliza ameamkaje, anajua saa isichokijua. Anajua ni mwezi gani.

Juu ya hayo kuna suala la siri. Zamani daktari aliyeshika mshipa alikuwa mtu mmoja, na waliomwona ni waliokuwa chumbani. Sasa mapigo ya usiku husafiri mpaka kwenye hazina za makampuni ya nchi za mbali, ambako mwenyewe hatafika. Huko Ohio, Marekani, mtu mmoja alishitakiwa baada ya nyumba yake kuungua mwaka 2016, na sehemu ya ushahidi ilitoka katika chombo alichopandikizwa kifuani cha kurekebisha mapigo. Bingwa wa moyo alisema mapigo yale hayaafikiani na maelezo ya mtuhumiwa. Mwaka 2017 jaji aliukubali ushahidi huo usikilizwe. Hatumtetei mchoma nyumba. Lakini ni jambo jipya katika historia ya binadamu kwamba moyo wa mtu umeitwa mahakamani kusema dhidi yake, na wala si moyo wa dhamiri. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda habari za watu binafsi tarehe 13 Oktoba 2021. Kenya ilikuwa nayo tangu 2019, na Tanzania ikafuata 2022. Ni hatua njema. Lakini sheria humlinda mtu dhidi ya mwizi, wala haimlindi dhidi ya mikono yake mwenyewe atoapo bila kuuliza, na wengi wetu hubonyeza "nakubali" kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Walimu wa lugha tungefaa kuona haya kidogo kwa hilo.

Kama mwenzetu angetuuliza (hajatuuliza, na si mtu wa kuuliza), tungemwomba jambo dogo tu. Aivae saa yake akipenda. Lakini asubuhi asalimiwapo ajibu kwanza, kwa kinywa chake, kadiri ajuavyo. Kisha ndipo atazame. Vikiafikiana, vema. Visipoafikiana usiku mmoja, acheke pamoja nasi. Visipoafikiana usiku mwingi mfululizo, aende kituo cha afya akamweleze mganga yote mawili, la saa na la kwake. Asiache la kwake nyumbani.

Kuhesabu kwenyewe hatukulaumu, na hatuhitaji kwenda Chicago kuona kuhesabu kunakofaa. Katika kila kijiji cha Rwanda wapo wahudumu wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji, waitwao abajyanama bʼubuzima, washauri wa afya. Na mwenye sikio atalisikia humo shauri lile lile lililomo katika umutimanama. Mama akiwa na mtoto mwenye kikohozi na homa, humpeleka kwa mshauri hata usiku. Mshauri huomba mtoto atulizwe, hutazama kifua, huanzisha kihesabio cha dakika, na kuhesabu pumzi moja moja mpaka dakika iishe. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, yaelekea ana nimonia, na dawa huanza usiku ule ule. Kifua kikibonyea kwa ndani, hupelekwa kituoni bila kungoja. Mtoto akilia katikati ya hesabu, mshauri husubiri anyamaze na kuanza upya kutoka moja. Kama ni mtoto wa miaka 2 na pumzi zimetoka 38, na hakuna dalili nyingine ya hatari, mshauri huandika katika daftari lake, humwambia mama ni dalili zipi akiziona arudi upesi, kihesabio hurudi mfukoni, na wote wawili hwenda kulala.